Mchakamchaka: nani alikuwa akituamsha alfajiri?

Namna ya kuanza mazoezi hatutaiandika leo, maana kuanza hakuna asiyejua. Mtu anashuka Darajani ananunua raba, wiki ya kwanza anatembea mpaka Maisara kila asubuhi, wiki ya pili anakwenda siku mbili, wiki ya tatu raba ziko chini ya kitanda na mizani imefunikwa kanga. Kinachotushughulisha ni kuendelea. Na tulipokaa kulijadili jambo hili tukajikuta tunauliza swali la historia: mama zetu na bibi zetu, wa visiwani na wa bara, ni kitu gani kilichokuwa kikiwatoa kitandani kila siku, na kitu hicho kiliondoka lini?

Tunalitazama swali hili kutoka mbali kidogo, kutoka Shanwe. Wengi wenu hamjapasikia. Shanwe ni kata ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi, magharibi ya Tanzania, mbali na bahari kiasi kwamba samaki wa huko ni wa Ziwa Tanganyika. Baadhi yetu tumewahi kupangiwa kazi Mpanda na tukakaa Shanwe, ndiyo maana tunapafahamu. Na kwa habari ya mwili wa mwanamke na kazi, Shanwe inafundisha kuliko Mji Mkongwe, kwa sababu yale mabadiliko yaliyochukua vizazi vitatu kwetu, kule yamepita mbele ya macho ya mtu mmoja.

Mji wenyewe ulianza kwa jasho. Wakati wa ukoloni wa Kiingereza yalichimbwa madini ya risasi karibu na hapo, na kwa ajili ya mgodi huo ikajengwa reli ya tawi kutoka Kaliua, kama kilomita 210, iliyofika Mpanda mwaka 1950. Baadaye mgodi ukafungwa, lakini reli ilibaki na watu walibaki. Waliobaki walilima. Mahindi, mpunga, karanga, tumbaku. Mwanamke wa Mpanda wa miaka hiyo alikuwa akiamka kabla ya jua, anakwenda kisimani, anatwanga, anakwenda shamba na jembe la mkono, anarudi na kuni kichwani. Ungemwambia kuna watu duniani wanatoka nje kukimbia bila ya kukimbizwa na kitu, angekuombea dua.

Kwa hiyo jibu jepesi la swali letu ni kwamba bibi zetu hawakuhitaji mazoezi kwa sababu walikuwa na kazi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, na nusu hiyo tunaipenda mno kwa sababu inatupa udhuru. Tunasema maisha yamebadilika, basi, tunakaa. Nusu ya pili ni kwamba kuanzia miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa na mazoezi hasa, mazoezi yasiyo kazi, na mamilioni ya watoto wa kike walikuwa ndani yake. Kila asubuhi. Yaliitwa mchakamchaka.

Nani hakumbuki? Kwa walio wadogo tueleze. Kabla ya masomo wanafunzi walipanga mistari, mmoja mwenye sauti akawa mbele au pembeni, anaimba, wenzake wanaitikia, na miguu inapiga ardhi kwa pamoja. Neno lenyewe unalisikia kama nyayo. Mtindo huo ulitoka kwa majeshi na hasa kwa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ambako vijana wa kike na wa kiume walikimbia kwa nyimbo kabla ya kazi za mchana. Kutoka JKT ukaingia skuli. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa bara mwaka 1977, madarasa yakajaa wasichana hata katika wilaya za mbali kama Mpanda, na wasichana hao wakakimbia. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilileta nyimbo mpya za kumkejeli Idi Amin, na nyimbo hizo zilikimbiwa miaka mingi baada ya Amin mwenyewe kukimbia. Huku kwetu tulikuwa na halaiki pia, wale watoto wa Uwanja wa Amaan wanaopanga maumbo na rangi siku za Mapinduzi. Ukiwauliza mama zetu waliocheza halaiki, watakwambia miguu iliuma, jua lilikuwa kali, na wangerudi kesho.

Hapo ndipo tunapotaka mtulie kidogo. Mtoto wa mchakamchaka hakuwa na raba. Mara nyingi hakuwa na viatu kabisa. Hakujua uzito wake na hakuna aliyempima. Hakuwa na picha ya kabla na baada. Alikuwa na mambo matatu: saa maalumu, wimbo, na mtu wa kulia na wa kushoto ambao wangeona pengo lake asipokuja. Na mwalimu mwenye fimbo, naam, hatutaificha fimbo.

Maana historia ya mazoezi ya nchi hii ina amri nyingi ndani yake. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda JKT kwa sharti la mishahara iliyopunguzwa. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza mamia yao, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, zikaja zile safari za miguu za kuliunga mkono Azimio, na Mwalimu mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwa siku kadhaa. Alitembea na watu na vijiji vilitoka kumpokea. Tunapenda kuyaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yanaonyesha tofauti: walioamriwa waligoma, waliofuatana walifika.

Amri ikiondoka, na mazoezi yanaondoka nayo. JKT ya lazima ilisitishwa mwaka 1994, ikarudishwa 2013. Katikati hapo kizazi kizima cha wasomi kiliingia ofisini bila ya kukimbia hata asubuhi moja. Skuli nyingi nazo ziliacha mchakamchaka kimyakimya. Masomo ya ziada yalichukua nafasi ya alfajiri, na wazazi wa mjini wakaanza kuwapeleka watoto kwa gari. Hakuna aliyepiga marufuku. Lilikufa kwa kukosa mwenyewe.

Shanwe mabadiliko yalikuja kwa wingi baada ya 2012, Katavi ilipokatwa kutoka Rukwa na Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa. Mkoa maana yake ni ofisi, na ofisi maana yake ni viti. Walikuja watumishi, wakapanga, wakajenga; nyumba za bati jipya zikapanda. Kutwanga kulikuwa kumeshahamia kwenye mashine ya kusaga zamani. Bodaboda zikamalizia. Kutoka Shanwe mpaka sokoni watu walikuwa wakitembea, sasa kijana anakufuata mlangoni. Mwanamke aliyekuwa akilima kwa jembe sasa ana binti mwenye stashahada anayekaa kwenye kiti saa nane, anarudi kwa bodaboda, anapika wali wa mpunga mzuri wa Katavi ambao, tuseme haki, ni mtihani kuuacha nusu sahani.

Na takwimu za nchi zinafuata njia hiyohiyo. Utafiti wa Taifa wa Afya wa 2010 ulikuta wanawake 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Ule wa 2015 na 2016 ukakuta 28. Miaka mitano tu. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2012 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha. Hizo ndizo sababu tunaandika. Hatuandiki kwa ajili ya nguo za harusi. Tumezika mama waliokwenda kwa kiharusi wakiwa na miaka hamsini na kitu, na tunao wengine wanaoswali kwenye kiti.

Sasa kuna jambo linaloruka katika mazungumzo haya, nalo ni aibu ya kukonda. Wageni wanaotufundisha mazoezi hudhani kila mwanamke anataka kupungua na kila mtu atampongeza akipungua. Kwetu haikuwa hivyo. Kunenepa baada ya ndoa kulikuwa sifa kwa mume na kwa wifi. Mtu aliyenawiri ametunzwa. Halafu ikaja miaka ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na upande wa pili wa mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kwa miaka ishirini mwanamke aliyekonda aliangaliwa kwa jicho la pembeni. Alikuwa akivaa khanga mbili ndani ili aonekane ana mwili. Kumbukumbu hiyo haijaisha. Tulipokuwa Shanwe, mwenzetu mmoja alipungua kilo saba kwa kutembea, na swali la kwanza alilopata kwa jirani lilikuwa, "Dada, unaumwa?" La pili lilikuwa kama mume wake anamtesa. Ukikosa watu wa kukwambia uendelee, na wenye kukuhurumia wapo tele, utaendelea mpaka lini? Wengi wanaoacha hawaachi kwa uvivu. Wamechoka kujieleza.

Ndiyo maana tunasema mizani si rafiki wa safari hii. Na hapa kuna habari kutoka Tanzania yenyewe ambayo inafaa kila mwanamke aijue. Mwaka 2012 mtaalamu Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti wao kwa Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wahadzabe wanatembea kila siku kuliko sisi mara nyingi. Watafiti walipopima nguvu ambayo miili yao inatumia kwa siku, wakakuta, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, hailingani na matarajio: haikuzidi ile ya watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa. Mwili unajua kubana matumizi. Ukiutembeza sana, unapunguza mahali pengine. Maana yake ni kwamba kutembea peke yake, bila ya kugusa sahani, kunapunguza uzito kidogo kuliko tulivyoahidiwa. Anayetembea kwa ajili ya mizani atasusa mwezi wa pili, na hatumlaumu, kwa sababu aliahidiwa kitu kisicho kweli.

Lakini moyo na mishipa vina hesabu nyingine. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha huko London uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Madereva waliokaa siku nzima waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Watu walewale, basi lilelile. (Kiswahili kina utani wake: konda wa daladala anaitwa konda, na kweli hao wengi wamekonda.) Kwa hiyo aliyetembea miezi sita na mizani ikasogea kilo mbili tu, amepata kitu kikubwa ambacho mizani haina namba yake. Presha imeshuka, usingizi umerudi, ngazi za Bwawani anapanda bila ya kushika ukuta. Kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki angalau, za mwendo wa kukupandisha pumzi. Nusu saa, siku tano. Zile hatua elfu kumi mnazohesabu kwenye simu zilitoka Japani mwaka 1965, zikiwa jina la kifaa cha biashara cha kuhesabu hatua. Zisikunyimeni usingizi.

Turudi kwenye wenzio wa kulia na kushoto. Visiwani na pwani yote tulikuwa na somo hili zamani kuliko JKT. Vyama vya lelemama, vya Unguja na vya Mombasa, vilikuwa na sare, vyeo, michango na ushindani. Mwanamke hakosi siku ya ngoma kwa sababu chama cha pili kitacheka. Hakuna aliyekwenda lelemama kupunguza mwili. Alikwenda kwa sababu alikuwa mtu pale, ana cheo na ana mahali pake katika mstari. Hata Marekani, Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, alipochoka na unene wake mwaka 1961 alichofanya ni kuwaita marafiki zake sebuleni kila wiki kuzungumza; mwaka 1963 mazungumzo hayo yakawa kampuni ya Weight Watchers. Mwaka uleule wa JKT. Hatusemi mambo hayo mawili ni ndugu, ila tulicheka tulipoona.

Vikundi vyetu vya mazoezi ya viungo, vile vinavyopita barabarani Jumapili asubuhi kwa nyimbo na fulana za rangi moja, ni watoto wa lelemama na mchakamchaka kwa pamoja, ingawa vyenyewe havijisemi hivyo. Kila tarehe 1 Januari vinakutana kwa ajili ya Siku ya Mazoezi Kitaifa. Na mwezi wa Disemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wetu wa Makunduchi, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliitaka nchi nzima ifanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Wakuu wa mikoa wakatoka na raba, Katavi nako. Mwito ule ulikuwa mzuri, lakini tuseme wazi: mara moja kwa mwezi ni sherehe. Uliwafaa zaidi wale waliokuwa tayari na kikundi cha siku nyingine ishirini na tisa.

Kuna wanaouliza kuhusu stara, na kama inafaa mwanamke wa heshima kukimbia. Hatutaigeuza makala hii darsa. Tutakumbusha tu kwamba imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na baada ya muda, alipokuwa amenenepa, akashindwa, na Mtume akamtania. Walikuwa safarini na wenzao wametangulizwa mbele. Faragha ilipangwa, mbio hazikufutwa. Na utani ulikuwa wa upendo, jambo ambalo baadhi ya waume wa leo wangejifunza kabla ya kumwambia mke ameota kitambi.

Shanwe stara ilipangwa kwa saa. Wanawake tuliokuwa tukitembea nao, Waislamu na Wakristo, walitoka baada ya alfajiri kabla ya bodaboda kuamka na vumbi kupanda, kwa vitenge na raba za mtumba, wanne au watano, wakikaribia barabara ya lami na kurudi. Sheria yao ilikuwa moja: hupigi simu, unagonga dirisha. Simu unaizima, dirisha likigongwa na mtu aliyesimama gizani kwa ajili yako, huna pa kukimbilia. Hakuna aliyelipa kiingilio na hakuna aliyepima kilo mbele ya mwenzake. Mazungumzo yalikuwa ya ada za watoto, bei ya mpunga na nani amejifungua. Nyimbo hawakuimba, maana watu walikuwa wamelala, lakini yule mama mkubwa kuliko wote, aliyesoma msingi miaka ya UPE, alikuwa akihesabu mwendo kwa mdomo kama kiranja wa mchakamchaka.

Mvua ndiyo iliyokuwa ikitutia wasiwasi sisi wageni. Kwetu kuna masika na vuli; Mpanda ina msimu mmoja mrefu, unaanza kama Novemba na kwisha Aprili, na ukianza hakuna kutembea alfajiri, ni tope. Tulidhani kikundi kitakufa. Wenyeji hawakushtuka. Mvua zikianza wengi wao, hata wenye kazi za ofisi, wana ekari moja au mbili za mahindi au mpunga, na Jumamosi na Jumapili na jioni za siku za kazi wanakwenda shamba. Jembe linachukua zamu. Mwezi wa Mei, shamba likikauka, yule mama anaanza tena kugonga madirisha, na anaanza na la mvivu.